Mafuta ya breki ambayo si mafuta: historia ya chupa ndogo

Najua wengi wenu mnapita hapa kutafuta mambo ya programu, Linux na simu. Leo naomba mnivumilie, tunaacha kompyuta mezani na kuingia chini ya gari. Lakini msiondoke, kwa sababu hadithi yenyewe ni ile ile tunayoijua sisi waandika programu: uamuzi mmoja mdogo ulifanywa karne moja iliyopita, vitu vingine vyote vikajengwa juu yake, na leo hakuna awezaye kuung'oa. Kazi yetu ni kujifunza kuishi nao.

Nina rafiki hapa Sindo, kwenye ufuo wa Ziwa Victoria, mwenye Toyota Starlet. Siku za kazi gari hilo hubeba bidhaa za duka. Wikendi analitoa viti vya nyuma na kwenda kushindana katika rali ndogo za vilabu. Si dereva wa kulipwa, hana mfadhili, na kila shilingi inayoingia kwenye lile gari imetoka dukani kwake.

Wiki chache kabla ya shindano moja alitaka kulijaribu gari, nami nikaketi upande wa msaidizi kushika saa. Tulipanda upande wa vilima vya Gwassi, tukageuza, tukashuka kwa nguvu kuelekea ziwani. Breki zilishika vizuri kila kona. Tulipofika chini tukasimama kando ya barabara kama dakika 5, tukanywa soda na kucheka. Tulipoondoka tena, watoto wawili na punda aliyebeba mitungi ya maji walikuwa wanavuka mbele yetu. Rafiki yangu akakanyaga breki. Pedali ikazama mpaka kwenye sakafu, kama vile chini yake hapakuwa na kitu. Akaivuta breki ya mkono kwa mikono miwili, gari likaserereka kwenye changarawe na kusimama. Punda hata hakugeuka.

Tulirudi polepole, gia ya kwanza njia nzima, mpaka kwa fundi mmoja mzee. Akafungua niple ya gurudumu la mbele, akaachia kidogo ndani ya chupa ya plastiki, akaiinua juani.

"Omera," akamwambia rafiki yangu, "hii si mafuta ya breki. Hii ni strungi."

Akauliza yalibadilishwa lini. Rafiki yangu akanitazama, nami nikamtazama. Gari liliingia nchini kutoka Japani likiwa limeshatumika. Tangu hapo, kila kiwango kilipopungua mtu aliongeza kidogo. Kubadilisha, hakuna aliyebadilisha.

"Sasa mzee, nitie gani?" rafiki yangu akauliza. "DOT 3, DOT 4, ama nitafute zile za mashindano?"

Mzee akajibu kwa swali: "Wewe utakuwa unabadilisha mara ngapi?"

Nilidhani anakwepa. Nilipoanza kusoma historia ya hiki kimiminika ndipo nilipoona kwamba alikuwa amejibu swali lote kwa sentensi moja.

Jina linatudanganya

Tuanze na jina. Kwa Kiswahili tunayaita mafuta ya breki, na jina hili limeua breki nyingi. Mtu akisikia "mafuta" anadhani ni ndugu wa mafuta ya injini, basi siku yakipungua anachukua kilichopo kwenye rafu na kumimina. Mafuta ya injini yanatokana na petroli ghafi, na yakigusa raba za ndani ya breki zinavimba, zinakuwa laini na kushindwa kurudi mahali pake. Hapo si suala la kumwaga na kutia upya. Ni kufungua mfumo mzima, kuosha, na kununua raba mpya zote.

Kimiminika cha breki kina kazi moja tu, nayo ni kusafirisha msukumo. Unapokanyaga pedali unasukuma bastola ndogo, nayo inasukuma kimiminika kwenye mabomba mpaka magurudumuni, ambako bastola nyingine zinabana pedi. Kinafanya kazi kwa sababu kimiminika hakibonyei. Ukikisukuma hapa kinatoka pale, papo hapo. Lakini kikichemka kinatoa mvuke, na mvuke ni gesi, na gesi inabonyea. Mguu wako unabana viputo badala ya kubana pedi. Hivyo ndivyo pedali inavyozama.

Joto linatoka wapi? Breki haiondoi mwendo, inaugeuza kuwa joto. Tufanye hesabu ya mstari mmoja. Gari dogo likiwa na watu wawili ndani, tuseme kilo 1,000, likishuka mteremko wa mita 300, linaachia nishati ya karibu jouli milioni 2.9. Nishati hiyo inatosha kuchukua lita 1 ya maji yasiyo ya moto, kuyachemsha, na kuyakausha yote mpaka sufuria ibaki tupu. Injini husaidia kiasi ukishuka kwa gia ya chini, na upepo husaidia kidogo, lakini anayeshindana na saa hashuki kwa gia ya chini. Sehemu kubwa inaingia kwenye vipande vinne vya chuma nyuma ya magurudumu.

Na kwa nini breki zetu zilishika njia nzima halafu zikafa baada ya soda? Wakati wa kushuka upepo ulikuwa unapoza. Tuliposimama upepo ukakata, na joto lililokuwa kwenye diski likatambaa polepole kuingia kwenye kalipa na kwenye kimiminika. Zaidi ya hapo, hakuna aliyekuwa amekanyaga pedali. Ukikanyaga, msukumo mkubwa unasaidia kuzuia kuchemka. Ukiachia, kizuizi hicho kinaondoka. Kimiminika kilichemka kimya kimya huku sisi tunacheka.

Ngozi, raba na nyonyo

Magari ya mwanzo yalivuta breki kwa fimbo na waya. Kuzirekebisha zivute sawa pande zote ilikuwa adhabu. Mmarekani Malcolm Loughead alipata hataza ya breki za kimiminika mwaka 1917. Yeye na ndugu yake Allan walikuwa watu wa ndege, na kwa kuchoka na watu kukosea kutamka jina lao, wakaanza kuliandika Lockheed. Allan alibaki na ndege. Malcolm akaenda Detroit na breki zake.

Mwaka 1921 breki za kimiminika zilijitangaza kwa njia ambayo hakuna tangazo la gazeti lingeweza kuishinda. Gari la Duesenberg lenye breki hizo kwenye magurudumu yote manne, likiendeshwa na Jimmy Murphy, lilishinda Grand Prix ya Ufaransa kule Le Mans. Mashindano ya magari na kimiminika cha breki walijuana tangu siku za mwanzo kabisa.

Lakini mfumo wa Malcolm ulikuwa na kasoro moja kubwa: ulivuja. Vikombe vya kuzuia kimiminika ndani ya silinda vilikuwa vya ngozi ya mnyama. Wahandisi wa Walter Chrysler, walipokuwa wanaandaa gari lao jipya la mwaka 1924, waliusanifu upya mfumo huo na kuitoa ngozi. Mahali pake wakaweka raba.

Hapa ndipo pa kuweka alama, kwa sababu ndio ule uamuzi nilioutaja mwanzoni. Raba ilimaliza tatizo la kuvuja. Lakini raba ya asili haivumilii mafuta ya petroli ghafi. Kwa hiyo kuanzia hapo kimiminika chochote kilichotaka kuingia kwenye breki kililazimika kwanza kuwa rafiki wa raba. Sifa nyingine zote zilikuja baadaye.

Na rafiki wa raba alikuwa nani? Mafuta ya nyonyo, yale ya mmea wa mbarika unaoota wenyewe hata kwenye viunga vyetu. Nyonyo hailii raba na inalainisha vizuri, ila ni nzito mno, basi ikachanganywa na alkoholi iwe nyepesi. Kwa miongo kadhaa nyonyo na alkoholi ndivyo vilivyosimamisha magari. Wasovieti waliendelea na mchanganyiko wao wa nusu nyonyo na nusu butanoli miaka mingi baada ya vita. Udhaifu wake unaonekana ukiangalia namba: ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78 za Selsiasi, na butanoli kwenye nyuzi 118 hivi. Kwa gari la kwenda kanisani zinatosha. Kwa gari la kushuka mlima kwa kasi, hapana.

Wengine hawakuharakisha kuhama. Ford alibaki na breki za fimbo na waya mpaka magari ya mwaka 1939. Kila teknolojia ina wale wanaongoja toleo la pili, na si lazima wawe wajinga.

1953: Safari na Le Mans

Mwaka 1953 una mambo mawili yanayotuhusu. Mwishoni mwa Mei lilianza shindano la magari lililopewa jina la Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, likipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Hayakuwa magari maalumu ya mbio. Yalikuwa magari ya kawaida ya dukani, yakipangwa katika madaraja kulingana na bei. Huo ndio mwanzo wa Safari Rally.

Mwezi uliofuata, Juni 1953, kule Le Mans, Jaguar C-Type ya Tony Rolt na Duncan Hamilton ilishinda saa 24 ikiwa na breki za diski badala ya ngoma. Miaka miwili baadaye Citroën DS ilileta diski kwenye gari la familia linalotengenezwa kwa wingi.

Diski ilibadilisha maisha ya kimiminika. Ngoma ikipata moto sana inatanuka na kukimbia pedi zake, kwa hiyo breki hudhoofika mapema na dereva anapata onyo. Diski inavumilia joto kubwa zaidi bila kudhoofika hivyo. Lakini kwenye diski bastola imegusana na mgongo wa pedi, na pedi imegusana na diski iliyowaka. Sehemu dhaifu ikahama. Zamani chuma kilishindwa kwanza. Sasa kilichoshindwa kwanza ni kimiminika, na kinaposhindwa mara nyingi hakitoi taarifa.

Wakati huo Safari ilikuwa inawafundisha watu wa huku somo la aina yake. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93 yakamaliza 7 tena, na mara zote mbili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff ndani ya Peugeot 404. Bert Shankland wa Tanzania naye alishinda 1966 na 1967 kwa 404. Si gari la kutisha kwa mwendo. Ni gari lililofika.

Halafu kuna Joginder Singh, Singasinga aliyezaliwa Kericho mwaka 1932, mtoto wa gereji, fundi kabla ya kuwa dereva. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 ambayo tayari ilikuwa imeshatumika na timu ya Volvo. Watengenezaji wakubwa walikuwa wameleta magari mapya. Singh alileta gari la mtumba alilolijua nati kwa nati. Alishinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi, akawa dereva wa kwanza kuchukua Safari mara tatu. Namtaja kwa sababu somo lake ndilo la mzee wetu wa Sindo: kitu cha kawaida kilichotunzwa kinakishinda kitu cha ghali kilichosahaulika.

Kimiminika chenye kiu

Nyonyo na alkoholi ziliposhindwa na joto, wanakemia walitafuta badala yake, wakiwa wamefungwa na sharti lile lile la 1924: kisiidhuru raba. Raba zenyewe zilikuwa zimebadilika, sasa za kutengenezwa viwandani, lakini nazo zilitengenezwa zipatane na vimiminika vilivyokuwepo. Mnaona mnyororo huo? Raba inachagua kimiminika, kimiminika kinachagua raba inayofuata. Sisi tunalijua jambo hili kutokana na programu za zamani ambazo kila mpya lazima ipatane nazo.

Jibu lilikuwa etha za glaikoli. Zinachemka kwenye joto la juu, hazigandi upesi kwenye baridi, na raba zinazipenda. Lakini molekuli hizo zina tabia moja ambayo haiwezi kutenganishwa na wema wake: zinapenda maji. Zinayavuta kutoka hewani kupitia tundu la kifuniko cha chupa ya akiba, na hata kupitia ukuta wa mpira wa mabomba laini. Chupa uliyoifungua na kuirudisha rafuni nayo inakunywa, hata kama kifuniko umekikaza.

Sasa fikirieni gari linalolala ufuoni mwa ziwa, ambako asubuhi kioo kimelowa umande. Hewa yenyewe ina maji ya kugawa.

Maji kidogo yanatosha. Kipimo rasmi cha kimiminika kilichokunywa maji ni kama asilimia 3.7. Kwa nusu lita hiyo ni sawa na vijiko vya chai visivyozidi 4. Vijiko 4 hivyo ndivyo vinavyotenganisha breki nzuri na ile iliyozama mbele ya punda.

Namba za DOT

Mwaka 1966 Marekani ilipitisha sheria ya usalama wa magari na kuunda wizara ya uchukuzi, ambayo herufi zake kwa Kiingereza ni DOT. Wizara hiyo ikaweka kanuni namba 116 ya vimiminika vya breki, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 majina ya DOT 3 na DOT 4 yalikuwa yameanza kuenea. Leo dunia nzima inayatumia, hata Toyota ya Japani inayotembea Sindo imeandikwa DOT kwenye kifuniko.

Uzuri wa kanuni hiyo ni kwamba haikuridhika na namba moja. Ilidai mbili: kiwango cha kuchemka kimiminika kikiwa kipya na kikavu, na kiwango baada ya kunywa maji. Viwango vya chini vinavyotakiwa, kwa nyuzi za Selsiasi, ni hivi:

- DOT 3: kavu 205, chenye maji 140
- DOT 4: kavu 230, chenye maji 155
- DOT 5 na DOT 5.1: kavu 260, chenye maji 180

Tazameni vizuri. DOT 4 iliyozeeka (155) ni mbaya kuliko DOT 3 iliyofunguliwa leo (205). Hata DOT 5.1 iliyozeeka (180) inashindwa na DOT 3 mpya. Kinachoamua zaidi si jina la chupa, ni umri wa kilichomo ndani ya gari. Nilipoliona hili kwenye namba ndipo nilipomkumbuka mzee na swali lake.

Kuna kitu kingine cha kuongeza kwa watu wa nyanda za juu. Viwango hivi ni vya usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda hewa inapungua uzito na vitu vinachemka mapema. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya bahari, maji hapa yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kule Iten, mita 2,400 hivi, yanachemka karibu na nyuzi 92. Na ni kutoka Iten ambako barabara inaporomoka kupitia Tambach hadi bonde la Kerio, zaidi ya mita 1,000 chini. Mteremko mrefu kuliko wetu mara tatu, unaoanzia mahali ambapo kimiminika kina akiba ndogo zaidi.

Toleo la 5 na toleo la 5.1

Waandika programu, kaeni sawa. Hapa kuna kosa la kupeana namba ambalo lingemfukuzisha mtu kazi.

Watu walipochoka na kiu ya glaikoli walitengeneza kimiminika cha silikoni. Hakinywi maji na hakibandui rangi ya gari. Kikapewa jina DOT 5, na kanuni ikataka kiwe na rangi ya zambarau ili kisichanganywe na vingine. Jeshi la Marekani lilikipenda, kwa sababu magari yake hukaa ghalani miaka bila kuguswa, na pikipiki za Harley-Davidson zilikitumia kwa miaka mingi.

Lakini kwa mashindano kina matatizo. Hakinywi maji, ndiyo, ila maji yanaingia vile vile. Kwa kuwa hayayeyuki, yanajikusanya kama tone mahali pa chini kabisa, na mahali pa chini mara nyingi ni kwenye kalipa, palipo moto. Tone hilo linachemka kwenye nyuzi 96 hapa kwetu, hata kama silikoni iliyolizunguka inaweza kufika 260. Tena silikoni inabeba hewa ndani yake na inabonyea kidogo, pedali inakuwa kama sponji. Haifai kwenye magari yenye ABS, na haichanganyiki na DOT 3 wala DOT 4.

Baadaye wakaja na glaikoli bora yenye viwango vya joto sawa na vya DOT 5 lakini nyepesi na yenye kupatana na DOT 3 na DOT 4. Wakaiita nini? DOT 5.1. Yaani toleo la 5.1 si sahihisho la toleo la 5, ni mtoto wa toleo la 4. Ni kama programu ya toleo 5.1 inayofungua mafaili ya 3 na ya 4 lakini ikikutana na faili la 5 inaharibu diski yote. Ukienda kwenye spea soma neno zima na mtazame rangi: zambarau ni silikoni, weka chini. Kijani ni ya madini, ile ambayo Citroën walihamia miaka ya 1960 kwa mfumo wao wenye raba zake maalumu, nayo weka chini. Unayoitaka haina rangi au ni ya kahawia hafifu kama asali mbichi.

Chupa za mashindano

Je, zile za bei ya mbuzi? Zipo na si uongo. Motul RBF 600, kwa mfano, imeandikwa nyuzi 312 ikiwa kavu. Lakini ikishakunywa maji inashuka kwa nyuzi 100 hivi. Timu kubwa haijali, kwa sababu inatoa yote na kutia mpya kila shindano. Kimiminika hicho kimetengenezwa kwa mtu mwenye lori la mafundi nyuma yake. Mashindano ya dunia yaliporudi Kenya mwaka 2021, yakiwa na makao Naivasha, magari ya timu kubwa yalihudumiwa na kundi zima la watu kila baada ya sehemu kadhaa. Mshiriki wetu wa kilabu ana spana, dada yake wa kukanyaga pedali, na tochi ya simu.

Kwa hiyo mtu anayetia kimiminika cha nyuzi 312 na kukiacha miaka miwili ametumia pesa nyingi kununua kimiminika cha kawaida. Na anayetia DOT 4 ya kawaida kabla ya kila shindano anaanza kila mara na nyuzi 230 au zaidi, za uhakika.

Tulichofanya

Tulichagua DOT 4. Starlet imeandikwa DOT 3 kwenye kifuniko, na DOT 4 inapatana nayo bila kubadilisha raba. Tulinunua chupa ndogo mbili za nusu lita badala ya moja kubwa, ili kinachobaki kiwe kidogo, na tuliangalia kwamba utando wa chini ya kifuniko haujatobolewa. Tulifyonza uchafu wote kwenye chupa ya akiba kwanza, maana hakuna faida ya kusukuma strungi kwenye mabomba. Kisha tukatoa hewa gurudumu moja moja, kuanzia lililo mbali zaidi na silinda kuu, mpaka kilichotoka kikawa safi. Tulikagua mabomba ya mpira, moja lilikuwa na nyufa, likabadilishwa. Kilichobaki kwenye chupa hatukukihifadhi. Maji safi yalikuwa karibu, kwa sababu glaikoli inabandua rangi ya gari na kuwasha ngozi.

Mwisho rafiki yangu akabandika utepe juu ya kifuniko na kuandika tarehe kwa kalamu ya wino. Huo utepe ndio kifaa muhimu kuliko vyote. Tarehe ikipita miezi 6, au kabla ya shindano, lipi litangulie, kimiminika kinatoka. Kwa gari la kawaida watengenezaji wengi wanashauri kila miaka 2, na hata hiyo ni wachache wanaoifuata.

Ukiniuliza basi, historia hii yote inasema nini kwa mtu aliyesimama mbele ya rafu ya spea, nitasema hivi. Tangu raba ilipochukua nafasi ya ngozi mwaka 1924, tumefungwa kwenye vimiminika vyenye kiu, na kila namba mpya ya DOT ni njia ya kununua muda kabla kiu hiyo haijatushinda. Hakuna chupa inayokuondolea kazi ya kubadilisha. Chagua kwanza tarehe utakayoweza kuitimiza kwa mfuko wako, halafu chagua chupa inayolingana na tarehe hiyo.

Na msisahau breki ya mkono. Siku ile kilichotuokoa si DOT yoyote. Ni waya wa chuma uliovutwa kwa mkono, teknolojia ile ile ambayo Malcolm Loughead alitaka kuizika mwaka 1917. Kila mfumo mpya uachiwe wa zamani mmoja pembeni, wa kukimbilia siku mpya unapoanguka. Wenye kuhifadhi nakala za mafaili yao wananielewa.

Shindano lilifika, rafiki yangu akamaliza katikati ya orodha, na njiani kurudi alizungumzia tairi, ramani, vumbi na makosa yangu ya kusoma kona. Breki hakuzitaja hata mara moja.

Haya, tukutane tena siku nyingine. Nendeni mkafungue boneti, mwangalie rangi.